“Inalipa” si ushahidi: jinsi ya kukagua mpango wa kripto kabla hujatuma hela

Neno la kwanza utakalosikia ni hilo: inalipa. Shemeji kalipwa, jirani kalipwa, na kwenye kundi la WhatsApp kila asubuhi kuna picha za meseji za M-Pesa zikionyesha hela imeingia. Mara nyingi ni kweli, wamelipwa. Hapo ndipo mgeni anapojikwaa, kwa sababu mpango wa kitapeli usiomlipa mtu yeyote haumalizi wiki mbili. Malipo ya mwanzo ni chambo, na tapeli ameshayaweka kwenye hesabu zake kama mvuvi anavyohesabu gharama ya dagaa wa kutegea. Kwa hiyo swali la “wanalipa?” liweke pembeni, uliza moja tu: hela ya kunilipa mimi inatoka wapi?

Utapewa mojawapo ya majibu machache. Kuna roboti ya akili mnemba inayonunua na kuuza usiku na mchana. Kuna mashine za kuchimba bitcoin nje ya nchi. Au wananunua sarafu bei ya chini kwenye soko moja na kuiuza juu kwenye soko jingine. Usibishane na maneno. Shika kikokotoo cha simu.

Faida ya asilimia 1 kwa siku inasikika ndogo, na ndiyo maana wanaipenda. Zidisha 1.01 kwa yenyewe mara 365, utapata takriban 37.8. Laki moja yako, kama faida inarudi kuzaa, inakuwa karibu milioni 3.8 kwa mwaka, na mwaka wa pili inafika milioni 142 na zaidi. Linganisha na hatifungani za serikali ya Tanzania za miaka 20 na 25, ambazo miaka ya karibuni zimekuwa zikilipa kati ya asilimia 12 na 16 kwa mwaka mzima. Mwenye roboti ya asilimia 1 kwa siku angekopa benki, akalipa riba yote, na baada ya miaka michache asiwe na shida na mtu. Kwa nini anahangaika na laki moja ya muuza chipsi?

Sasa angalia upande wa pili wa hesabu, ule ambao hawakuonyeshi. Chukua watu 100, kila mmoja kaweka laki moja, mpango unaahidi asilimia 30 kwa mwezi na kamisheni ya asilimia 10 kwa aliyemleta mtu. Zimeingia milioni 10. Kamisheni inakula milioni 1, zinabaki 9. Kila mwezi “faida” ya watu wote ni milioni 3. Mwisho wa mwezi wa tatu kasha ni sifuri, ingawa kila mmoja akifungua simu yake anaona laki moja yake ipo palepale. Mwezi wa nne wanahitajika watu wapya 34 ili tu kuwalipa wa zamani, kwa kuwa kila mgeni anabakiza elfu 90 baada ya kamisheni. Mwezi wa tano wa kulipwa wameshafika 134, kwa hiyo wapya wanaohitajika ni kama 45. Na hapo tumedhani mwenye mpango hachukui hata senti. Mtu mmoja mwenye hela nyingi akiamua kutoa mtaji wake, au wageni wakipungua wiki mbili, mlango unafungwa.

Hesabu hii ni ya upatu wa kawaida, na mwaka 2009 mpango wa DECI ulipofungwa Tanzania watu walikuwa wakiambiwa “panda mbegu, uvune”, bila kripto yoyote. Kilichobadilika ni maneno. BitConnect iliahidi hadi asilimia 40 kwa mwezi kwa jina la roboti, ikafunga huduma hiyo Januari 2018. Waendesha mashtaka wa Marekani wanaukadiria utapeli wake kuwa wa dola bilioni 2.4. Mirror Trading International ya Afrika Kusini nayo ilijinadi kwa roboti na asilimia 10 kwa mwezi, ikakusanya zaidi ya bitcoin 29,000 kabla ya kuanguka mwishoni mwa 2020.

Namba ya kwenye skrini

Salio unaloliona ndani ya programu ni maandishi. Aliyetengeneza tovuti anaweza kuandika dola 50 au dola 50,000 kwa kazi ileile. Wajanja huunganisha chati yao na bei halisi ya bitcoin, ili ukilinganisha uone zinafanana, lakini “biashara” yako haijafanyika popote. Dalili iliyo wazi zaidi ni hii: mara moja au mbili kwa siku, saa maalumu, kiongozi wa kundi anatoa msimbo (code), mnaunakili wote, na wote mnapata faida. Soko la kweli halifanyi hivyo. Kwenye biashara za aina hiyo, unaposhinda kuna aliyeshindwa upande wa pili, na watu elfu kumi wakibonyeza kitufe kimoja dakika moja, bei yenyewe ingewahama.

Dalili nyingine ni bei isiyoshuka. OneCoin, iliyoanza 2014 Bulgaria na kusambaa hadi Uganda, ilionyesha sarafu yake ikipanda kutoka euro 0.50 hadi karibu euro 30, bila kuporomoka hata siku moja, kwa sababu bei ilikuwa ikipangwa na wenyewe. Haikuwa na mnyororo wa umma (blockchain), yaani daftari la miamala ambalo mtu wa nje angelikagua. Ukiambiwa sarafu fulani ni “bitcoin mpya”, omba jina la mnyororo wake na tovuti ya kuutazama. Ukiambiwa “itafunguliwa baadaye”, huna sarafu, una ahadi.

Mlango wa kutokea

Wengi hujaribu kwa kutoa kidogo. Wanaweka dola 50, wanatoa 10, inafika, moyo unatulia, wanaleta akiba ya ada ya shule. Jaribio hilo halipimi kitu, maana dola 10 ndiyo chambo chenyewe. Kinachopima ni kutoa kiasi kikubwa, mtaji wote na faida, na hapo ndipo visingizio vinapoanza kwa mpangilio ambao karibu haubadiliki. Kwanza muda: saa 24 zinakuwa 72. Kisha kiwango cha chini cha kutoa kinapanda. Kisha mfumo “unaboreshwa”. Mwisho unaambiwa ulipe ndipo utoe.

Hapo kwenye kulipa ndipo simama kabisa. Iitwe kodi, uthibitisho, bima, ada ya kuondoa salio kwenye orodha ya tuhuma za utakatishaji, vyovyote. Mpango wa CBEX ulipofunga utoaji Nigeria, Aprili 2025, wenye salio chini ya dola 1,000 waliambiwa waweke dola 100 nyingine ili wathibitishwe, na wenye zaidi ya hapo dola 200. Jibu lako ni sentensi moja: “Kateni humohumo kwenye salio langu.” Soko halali la kripto hukata makato yake kwenye salio. Hata kodi ya zuio ya asilimia 3 ambayo Tanzania iliianzisha Julai 2024 kwenye uhamishaji wa mali za kidijitali hukatwa kwenye malipo na anayelipa, kisha inapelekwa TRA. Haitumwi kwa mtu wa Telegramu. Wakikataa kukata, maana yake hakuna cha kukata.

Hela inapita wapi

Mtego unaowapata hata wasomi uko kwenye njia. Unaelekezwa ufungue akaunti Binance au soko jingine kubwa, ununue USDT (sarafu ya kripto inayofuata thamani ya dola) kwa M-Pesa kutoka kwa mtu mwingine, kisha uzitume kwenye anwani uliyopewa. Kwa kuwa Binance ni ya kweli, unaona na safari nzima ni ya kweli. Binance hapo ni stendi tu. Ukishapanda basi la mtu, stendi haijui unapelekwa wapi. Na muamala wa kripto haurudishwi. Hakuna namba ya kupiga, kama ile unayopiga unapokosea kutuma kwa simu.

Ila anwani inasomeka. USDT za mtandao wa TRON hutumwa kwenye anwani inayoanza na herufi T, yenye herufi na tarakimu 34. Inakili, fungua Tronscan, tovuti inayoonyesha miamala ya mtandao huo, ibandike. Tazama ina umri gani, inapokea kutoka kwa wangapi, na hela inakaa muda gani. Kama kila kinachoingia kinaondoka dakika chache baadaye, fuata kinakokwenda. Masoko halali nayo hukusanya hivyo, kwa hiyo usikurupuke. Tofauti ni kwamba kwa soko kubwa, pochi kuu (anwani ya kuhifadhia kripto) inayopokea kwa kawaida huwa na jina lake limeandikwa pale. Kama inaishia kwenye anwani isiyo na jina, na huyo anayekuambia “tunafanya biashara” hawezi kukuonyesha hata muamala mmoja wa biashara hiyo, umeshapata jibu.

Kama mnakusanyiwa hela kwa namba ya simu ya mtu binafsi, tena inayobadilika kila wiki, usijisumbue na Tronscan.

Vyeti

Watakutumia cheti. Kisome ni cha nini. Cheti cha BRELA, msajili wa kampuni Tanzania, kinasema jina la kampuni limesajiliwa. Ruhusa ya kukusanya mitaji ya umma ni habari nyingine, na Tanzania inaulizwa CMSA, mamlaka ya masoko ya mitaji. Kenya uliza CMA, mwenzake wa huko, na kwa sheria ya mali za kidijitali ya 2025 Benki Kuu nayo ina sehemu yake. Cheti cha Uingereza kisikutishe: kwa miaka mingi, hadi 2024, kampuni ilisajiliwa kwa mtandao kwa paundi 12, bila mtu kukaguliwa uso wala kitambulisho. Usajili wa MSB (biashara ya huduma za fedha) wa Marekani ni fomu ambayo mhusika anaijaza mwenyewe, na FinCEN, idara ya serikali inayoipokea, inasema wazi kwamba haimpi mtu sifa wala dhamana. Usipige simu namba iliyo kwenye cheti. Ingia tovuti ya mamlaka mwenyewe, tafuta jina.

Kisha tafuta umri wa tovuti kwenye lookup.icann.org. Kampuni “ya tangu 2016” yenye tovuti ya miezi miwili imedanganya kitu cha kwanza kabisa ulichokiuliza. Mkurugenzi naye mtafute kwa picha yake. Mpango wa kripto wa HyperVerse ulimtangaza mkurugenzi mkuu mwenye wasifu mzito, Steven Reece Lewis, na ikabainika mtu huyo hayupo, aliyeonekana kwenye video alikuwa mwigizaji wa kulipwa. Siku hizi hata mwigizaji hahitajiki, sura na sauti vinatengenezwa kwa kompyuta.

Kuna na kipimo kisicho na kompyuta. Andika kwenye kundi, kwa adabu: “Naomba kujua hela zinashikwa na nani, na leseni ni namba ngapi?” Halafu hesabu dakika mpaka utakapoondolewa.

Sarafu mpya na pochi zina hila zake, nazitaja kwa kifupi. Sarafu inaweza kuandikwa ili ununue lakini usiweze kuuza. Sarafu ya Squid ya 2021 ilipanda hadi zaidi ya dola 2,800 huku wanunuzi wakilia kwamba kitufe cha kuuza hakifanyi kazi, kisha Novemba mosi ikaporomoka hadi karibu sifuri kwa dakika chache. Kabla ya kununua, tazama kama watu wa kawaida, wengi, wameweza kuuza. Maneno yako ya siri 12 au 24 ya kufungulia pochi hayaandikwi kwenye fomu yoyote, hata ya “huduma kwa wateja”. Na tovuti ikikuomba uunganishe pochi kisha ubonyeze kuidhinisha, soma kiasi: wengi huidhinisha bila kikomo, na pochi inakombwa wiki tatu baadaye wakiwa wamelala.

Kama tayari umo

Usiongeze hela, na usimlete mtu. Hilo la pili lina uzito wake: kuendesha upatu wa aina hii ni kosa la jinai Tanzania, na siku ya kuanguka ndugu hawatamjua aliyeko ng’ambo, watakuja kwako. Omba kutoa kila kitu leo, bila kuwaaga kwenye kundi. Wakati unasubiri, hifadhi anwani ulizotumia, namba ya kila muamala (kwa TRON ina herufi na tarakimu 64), namba za simu, kiungo cha tovuti, na mazungumzo yote kabla hawajayafuta.

Kama ulitumia simu, piga mtandao wako saa hiyohiyo. Tanzania meseji ya kitapeli na namba iliyoituma hupelekwa 15040. Kwa Safaricom ya Kenya ni 333. Kama zilitoka USDT, liandikie soko ulilotumia ukiwa na namba za miamala, na ufungue jalada polisi mapema, kwa sababu Tether, kampuni inayotoa USDT, inao uwezo wa kufunga anwani yenye USDT na imekuwa ikifanya hivyo kwa maombi ya vyombo vya dola. Hela ikishabadilishwa kuwa kitu kingine, uwezo huo haukusaidii.

Ndani ya siku chache atakutafuta mtu mwingine: mwanasheria, mdukuzi mwema, “kitengo cha urejeshaji”. Atajua kiasi ulichopoteza hadi tarakimu ya mwisho, maana mara nyingi orodha ya waliolizwa huuzwa, au ni walewale wamebadilisha jina. Atasema hela yako imeonekana, imebaki ada ndogo ya kuifungua.