Tupande mlima upi tukapumzike? Maswali yenu na majibu yangu

Wiki mbili zilizopita niliandika hapa kwamba mtu wa Lamu au Malindi anayetaka kupumzika kweli asikimbilie ufuo mwingine. Bahari imetulea, tunaijua. Apande mlima, atafute mji mdogo uliotulia, alale na blanketi. Maswali yaliyofuata ni mengi kuliko nilivyotarajia. Nimechagua haya.

Shikamoo mama. Mimi na mume wangu tumeoana mwaka huu, twaishi Mkomani, Lamu. Tuna siku nne tu. Tumeambiwa Nyahururu, tumeambiwa Lushoto, tumeambiwa Wundanyi. Ungekuwa wewe ungekwenda wapi?

Marahaba mwanangu, na hongereni. Ningekwenda Wundanyi.

Nyahururu ni pazuri. Maporomoko ya Thomson yanaanguka mita 74 na ukikaa ukingoni unyunyu unakufikia usoni. Lakini kutoka Lamu siku zenu zitaishia kwenye viti vya basi. Lushoto iko Tanzania, nayo inataka wiki nzima. Wundanyi iko juu ya milima ya Taita, kaunti ya Taita-Taveta. Vukeni Mokowe asubuhi, mlale Mombasa, kesho yake mpande gari au treni hadi Voi. Hapo Voi kuna matatu za Wundanyi. Zinapita Mwatate, kisha barabara inaanza kupanda, na kila kona joto linabaki nyuma. Mji wenyewe uko karibu mita 1,400 juu ya bahari. Kwa kawaida joto hupungua nyuzi 6 hivi kwa kila mita 1,000, kwa hiyo hesabuni nyuzi 8 au 9 chini ya mlizozoea.

Ila sababu yangu kubwa ni nyingine. Mji wa kupumzikia ni ule ambao uzuri wake unaanza mlangoni. Kuna miji ya milimani inayosifiwa sana, lakini ukifika unaambiwa mandhari yapo kilomita 20 mbele, ukodi gari. Wundanyi unatoka na viatu vyako tu. Ukishapita maduka uko kwenye vijia vya wakulima, matuta ya mboga na migomba yamepangwa kwenye mteremko kama ngazi, maji yanapita pembeni, na mbele yako jabali la Wesu limesimama juu ya kila kitu. Nyinyi wa Mkomani mmekulia mji unaotembewa kwa miguu. Mtapaelewa upesi kuliko mtu wa Nairobi.

Jambo moja la kuangalia. Mara yangu ya kwanza nilichukua chumba kwa simu bila kuuliza kinatazama wapi. Kilitazama steji. Saa kumi na moja alfajiri makondakta walikuwa wanaita abiria chini ya dirisha langu, na niliyoyakimbia yote yalikuwa yamenifuata. Siku hizi swali langu la kwanza kwa mwenye nyumba ya wageni, kabla ya bei, ni hili: dirisha linatazama bonde au barabara? Chumba cha kawaida kinachotazama bonde ni bora kuliko cha kifahari kinachotazama stendi.

Mama yangu ana miaka 71, ana pumu, na gari likizunguka anatapika. Nimpeleke au nimwache? (Msomaji, Barani, Malindi)

Muulizeni daktari wake kwanza, na jibu lake ndilo la kufuata.

Urefu wenyewe wa Wundanyi au Lushoto si wa kutisha. Ugonjwa wa kukosa hewa milimani kwa kawaida huanza juu ya mita 2,500. Kinachowasumbua wenye pumu ni hewa ya baridi ya alfajiri na usiku, basi asitoke kabla jua halijapasha moto, ajifunge leso puani na mdomoni, na pampu yake ikae mkobani mwake, isikae kwenye begi lililofungwa juu ya gari. Kwa kichefuchefu, mkalishe kiti cha mbele, asile mafuta asubuhi, na umwombe dereva apunguze mwendo kwenye kona. Madereva wa kule wakiambiwa kuna mama mzee husikia.

Na hapa naomba mnisikilize wote, si wewe peke yako. Sisi watu wa pwani hatujui baridi. Ikitushika tunatafuta jiko la mkaa, tunaliingiza chumbani, tunafunga dirisha. Msifanye hivyo kamwe. Mkaa unaowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na harufu wala rangi, na mtu hupitiliza usingizini asiamke. Ombeni blanketi la pili na la tatu. Jazeni chupa maji ya moto, ifungeni vizuri, izungushieni leso, iwekeni miguuni. Mama atalala vizuri.

Twende mwezi gani? Tunataka kuona mbali, si ukungu. (Marafiki watatu, Langoni)

Januari na Februari, wakati wa kaskazi. Anga huwa safi, na mtaona mbuga za Tsavo zimetandaa chini. Machi hadi Mei ni masika, njia zinateleza. Oktoba hadi Desemba kuna vuli.

Juni hadi Agosti ndio ukungu wenyewe, na sababu yake mnaijua bila kujua kwamba mnaijua. Ule upepo wa kusi unaopita juu ya mapaa yetu ya makuti umebeba unyevu wa bahari. Ukivuka nyika yote ile kavu haukuti kizuizi cha maana mpaka milima ya Taita. Pale unapanda, unapoa, unageuka wingu. Ndiyo maana vilele vya Taita vina misitu mibichi huku chini yake ni nyika ya vumbi. Mimi, nikisema kweli, napenda kwenda Julai. Kukaa barazani na kikombe cha chai ya tangawizi huku wingu linapita uani ni raha ambayo Malindi hainipi.

Ni kweli kuna njia ya mkato kutoka Malindi hadi Voi bila kugusa Mombasa?

Ipo, inafuata mto Sabaki kuelekea juu hadi lango la Sala, kisha inakatiza mbuga ya Tsavo Mashariki. Lakini ni barabara ya vumbi, ndani ya mbuga utalipa kiingilio, na mvua ikinyesha ni mtihani. Ukiwa na gari imara na siku nzima, ni safari nzuri yenye tembo njiani. Kama ni ya kufika tu, pita Mombasa.

Mimi ni kijana, nina miaka 24. Dada zangu wananivuta Wundanyi. Nitafanya nini huko siku tatu? Hakuna ufuo, hakuna muziki. (Muyeye)

Mwanangu, nenda Ngangao. Ni kipande kidogo cha msitu wa asili si mbali na mji, na ndani yake wanaishi ndege ambao hawapatikani popote duniani isipokuwa kwenye milima hiyo ya Taita. Mwombe mwenyeji anayeujua msitu akuongoze, muanze mapema, na mkae kimya. Hutaona kwa wingi kama kwenye mbuga. Utasikia kwanza, ndipo uone.

Siku ya pili panda Vuria, kilele kirefu kuliko vyote pale, zaidi ya mita 2,200. Miguu itauma. Siku ya tatu tafuta mzee akusimulie mapango ya mafuvu. Zamani Wadawida, wenyeji wa milima ya Taita, walihifadhi mafuvu ya wazee wao mapangoni, na ukoo ulikwenda pale kuzungumza na waliotangulia. Usiende bila mwenyeji na ruhusa, usiguse, na usipige picha kama hujaambiwa upige. Jioni kula kimanga, muhogo au viazi vitamu vilivyopondwa na maharagwe. Ukishiba utalala saa mbili usiku, na hutauliza muziki.

Na Lushoto je? Tuna wiki nzima na pasipoti tunazo. (Familia, Shela, Lamu)

Kwa wiki nzima, nendeni. Likoni, Lunga Lunga, Tanga, Korogwe, hadi Mombo, kisha kama kilomita 33 za kona kupanda Usambara. Lushoto iko kimo karibu sawa na Wundanyi, ila ni mji mkubwa kidogo, na adhana mtaisikia. Wajerumani waliuita Wilhelmstal. Tembeeni kwa miguu hadi Irente, kama saa moja na nusu, msimame juu ya genge: chini kabisa kuna mashamba ya mkonge ya Mazinde na nyika isiyo na mwisho. Washikeni watoto mkono, ukingo ule ni mkali.

Kiswahili chenu cha Lamu kitawafurahisha Wasambaa, na chao kitawafurahisha nyinyi.

Tubebe nini?

Sweta mbili kila mtu, soksi, viatu vya kufunga, tochi, dawa zenu. Halua kwa mwenye nyumba atakayewapokea. Na kikapu kitupu, kwa sababu mtarudi na parachichi, kabichi na ndizi za kugawia jirani.