Kabla ya kuandika kwenye faili la GRUB, jaribu kwanza kwa mkono

Wadogo zangu mnaoanza ufundi wa kompyuta, faili la GRUB, programu inayoiwasha Linux kompyuta inapoanza, si la kufungua na kuandika papo hapo. Kwenye Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, kuna njia ya kujaribu badiliko la kumbukumbu (RAM) bila kuandika chochote kwenye diski. Mimi simruhusu mwanafunzi aruke hatua hiyo.

Chukueni kazi inayotujia kila mara: kompyuta ya maabara ya shule yenye RAM ya GB 4. Mtu akifungua tabu nyingi kwenye kivinjari, inakwama na taa ya diski haizimiki. Hapo inafaa kujaribu zswap, sehemu ya kerneli (kiini cha mfumo) ya Linux iliyoingia na toleo la 3.11 mwaka 2013. Inabana data iliyokuwa ielekee kwenye swapu, yaani nafasi ya diski inayosaidia RAM ikijaa, na kuihifadhi ndani ya RAM kwanza, ili diski isisumbuliwe ovyo. Haiongezi RAM, na kama hakuna swapu haina kazi. Kwa hiyo fungua terminali, dirisha la kuandikia amri, uanze na `free -h`. Mstari wa Swap ukionyesha 0B, tengeneza swapu kwanza.

Sasa washa upya. Ubuntu huwa inaficha menyu ya GRUB: kwenye mashine za UEFI (programu ya ndani inayoanza kabla ya GRUB) gonga Esc mara moja, kwenye zile za BIOS, mtangulizi wake wa zamani, shikilia Shift. Ukigonga Esc kupita kiasi utakuta skrini nyeusi imeandikwa `grub>`. Hakuna kilichoharibika, zima uwashe tena. Menyu ikitokea, simama kwenye mstari wa juu ubonyeze herufi `e`. Tafuta mstari unaoanza na neno `linux`, nenda hadi mwisho wake, acha nafasi moja, andika `zswap.enabled=1`, kisha bonyeza Ctrl+X.

Badiliko hilo linadumu mpaka kompyuta izimwe, basi. Ikigoma kuwaka, izime, iwashe, na itarudi kama ilivyokuwa. Ikiwaka, hakikisha: `cat /proc/cmdline` itakuonyesha maneno uliyoongeza, na `cat /sys/module/zswap/parameters/enabled` ijibu Y. Kisha mwachie mwenye kompyuta aitumie kwa kazi zake za kawaida. Yeye ndiye atakayekwambia kama kuna nafuu, kuliko kipimo chochote cha dakika mbili.

Akiridhika, ndipo ufike kwenye faili. Nakala kwanza: `sudo cp /etc/default/grub /etc/default/grub.asili`. Fungua kwa `sudo nano /etc/default/grub` na mstari wako usomeke hivi:

`GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT="quiet splash zswap.enabled=1"`

Kuweni makini hapa, maana faili hili husomwa kama skripti ya sheli, yaani orodha ya amri za terminali. Nafasi kabla au baada ya alama ya `=` inaliharibu. Vilevile alama za kunukuu zilizopinda, zile zinazokuja ukinakili kutoka Word. Ziandike kwa kibodi mwenyewe. Ukishahifadhi, linganisha: `diff /etc/default/grub.asili /etc/default/grub`. Ukiona tofauti zaidi ya mstari huo mmoja (ulivyokuwa na ulivyo sasa), umegusa usichokusudia. Rudisha nakala uanze upya. Ikiwa sawa, `sudo update-grub`, na laptopu iwe na chaji au kompyuta iwe kwenye UPS (betri ya akiba), kwa sababu umeme wetu mnaujua. Faili la `/boot/grub/grub.cfg` lenyewe msiliguse, kwani amri hiyo huliandika upya na mtakachoongeza humo kitafutika.

Kati ya maneno yanayoweza kuongezwa kwenye mstari huo, linalohitaji hadhari kuliko yote ni `mem=`. Linaweka kikomo cha kumbukumbu ambayo kerneli itaitumia, na lina faida ukitaka kuona programu itakavyokwenda kwenye mashine yenye RAM ndogo. Lakini `mem=4G` na `mem=4` ni vitu viwili tofauti kabisa: bila herufi, hiyo ni baiti 4, na hakuna kompyuta itakayowaka kwa baiti 4. Kama ulishaiandika kwenye faili, bado unaokoka kwa njia ileile: `e`, futa neno hilo, Ctrl+X, halafu rudisha `grub.asili` na uendeshe `update-grub` tena.

Wokovu huo unadai kibodi na skrini mbele yako, kwa kuwa GRUB hufanya kazi kabla SSH, njia ya kuingia kwenye kompyuta ukiwa mbali, haijaamka. Kama seva iko Sumbawanga nawe uko Dar, usiiwashe upya kutoka huko uliko mpaka kuwe na mtu ameketi mbele yake, simu sikioni, na umeshamweleza ni kitufe gani atabonyeza menyu ikitokea.