Mhakiki ukianza kuandika skripti

Wadogo zetu mnaohakiki filamu, skripti zenu tunazisoma, na makosa ni yaleyale. Mtu anaichambua filamu ya saa mbili hadi mwongozaji mwenyewe anajifunza kitu, halafu akiandika sini yake moja, yaani tukio la mahali pamoja na wakati mmoja, haipigiki picha.

1. Fomati kwanza. Fonti ya Courier, pointi 12. Kichwa cha sini kiseme NDANI au NJE, mahali, mchana au usiku. Ukurasa mmoja hukadiriwa kuwa dakika moja, kwa hiyo filamu ndefu huwa na kurasa 90 hadi 120. Ukileta 160, prodyuza anapiga hesabu za gharama kabla hajamjua mhusika mkuu.

2. Hapa tulieni, maana wengi mnaangukia hapa. Mnaandika uhakiki ndani ya skripti. Tazameni:

NDANI. SEBULE – USIKU
Mke amekaa, amebeba uzito wa ndoa iliyokufa. Ukimya wake unaakisi jamii iliyosahau kuzungumza.

Inasomeka vizuri, hatukatai. Sasa mpe mpigapicha. Ataweka kamera wapi? Jamii iko upande gani wa sofa? Mwigizaji naye atauliza afanye nini, na jibu pekee lililomo ni “amekaa”. Mistari yote hiyo ikifika kwenye skrini ni mtu kwenye kiti, sekunde tatu, basi. Mhakiki amezoea kukuta picha tayari ipo, yeye akaitolea maana. Huku anaanza na maana, picha akaisahau. Sini hiyohiyo:

NDANI. SEBULE – USIKU
Meza ya watu wawili. Sahani moja imefunikwa. Mke anatazama saa, anaifunua sahani, anakula chakula cha mumewe akiwa amesimama. Funguo zinalia mlangoni. Anaifunika sahani tupu na kukaa.

Hakuna neno “ndoa” wala “upweke”, na mume akiingia tu tunataka kuona atakapofunua. Kwa hiyo piteni skripti yenu na kalamu nyekundu: kila kitenzi kama “anahisi”, “anakumbuka”, “anatambua”, kata, au kigeuze kiwe kitu cha kuonekana au kusikika. Msikimbilie kukihamishia kwenye mazungumzo. “Najihisi mpweke, mume wangu” ni ugonjwa uleule umevaa nguo nyingine.

3. Kama sentensi nzuri zinawawasha, zimwageni kwingine. Mwandishi Mwingereza Graham Greene, aliyehakiki filamu kwenye jarida la The Spectator miaka ya 1930, aliandika filamu ya The Third Man kwanza kama hadithi ya nathari, ndipo akaingia kwenye skripti. Frank Nugent naye alitoka kuhakiki filamu kwenye gazeti la New York Times, akaja kumwandikia mwongozaji John Ford. Kwa filamu ya Fort Apache (1948), Ford alimtaka aandike wasifu kamili wa kila mhusika: alikozaliwa, elimu yake, hata unywaji wake. Kurasa hizo mtazamaji hazioni, ila ndizo zinazokuambia mtu huyu akitukanwa atacheka au atashika bunduki. Fanyeni hivyo kwa wahusika watano wakuu. Mpokea simu wa sini moja mwacheni.

4. Mazungumzo someni kwa sauti, majina mkiyafunika. Mkishindwa kujua nani anaongea, wote ni nyinyi.

5. Skripti yako ikiwa mezani kwa prodyuza, filamu zake usizihakiki. Mwambie mhariri wa gazeti lako mapema ampe mwingine. Ukisifia umenunuliwa, ukiponda una kinyongo. Hakuna atakayeisoma hoja yako.

6. Mkataba utaje idadi ya rasimu: ya kwanza, marekebisho mangapi, ya kupiga msasa, na malipo kwa kila hatua. Utaje pia jina lako litaandikwaje kwenye filamu. Bila hivyo ni “rekebisha kidogo tu” hadi rasimu ya tisa, halafu siku ya uzinduzi unaona mwandishi ni shemeji wa prodyuza.