Kabla Hujachota Maji, Andika: Kwa Wanaojitolea Kupima Afya ya Ufukwe

Ukijitolea kupima maji ya ufukwe wa umma, siku ya kwanza utapewa chupa, glovu na boksi la barafu. Daftari hutolewa mwishoni, tena kwa maneno kama "andika andika chochote." Baada ya miaka kadhaa kwenye kazi hii, mimi naanza na daftari. Chupa itakupa namba tu. Namba hiyo imetokana na nini, utakuja kulijua kwenye daftari.

Kwenye maji ya chumvi, maabara kwa kawaida hutafuta enterokoki, bakteria wanaoishi kwenye utumbo wa watu na wanyama. Hawatafutwi kwa sababu wao ndio wabaya kuliko wote. Wakionekana ni ishara kwamba kinyesi kimefika majini, na kinyesi huja na wenzake, yaani vijidudu vya magonjwa. Kigezo kimoja cha mamlaka ya mazingira ya Marekani, cha mwaka 2012, kinataka wastani wao usizidi koloni 35 (koloni ni kikundi cha bakteria kinachoota maabara) katika mililita 100. Zingatia neno wastani. Umoja wa Ulaya nao, kwa sheria yake ya 2006, kwa kawaida huupa ufukwe daraja baada ya kutazama vipimo vya misimu minne ya kuogelea. Hakuna anayeuhukumu ufukwe kwa chupa moja, na wewe usiwe wa kwanza.

Namba hizi zinacheza. Jua kali huua bakteria, kwa hiyo sampuli ya alfajiri na ya saa nane mchana zinaweza kupishana sana ingawa hakuna jipya lililomwagwa. Mvua kubwa husomba kila kitu na kukileta pwani. Ndiyo maana nasisitiza mahali pale pale, saa ile ile, njia ile ile. Kabla hujagusa maji, andika: mvua ilinyesha lini mara ya mwisho, maji yanajaa au yanakupwa, bamvua (maji yanajaa na kupwa sana) au maji mafu (yanajaa na kupwa kidogo), upepo unatoka wapi, ndege ni wengi kiasi gani, kuna mbwa, waogaji ni wengi au wachache.

Halafu nenda ukautazame mfereji wa maji ya mvua, kama upo. Ukiukuta unatiririka wakati mvua haijanyesha kwa siku nyingi, simama hapo. Nusa. Tazama kama kuna utando wa kijivu kwenye mawe, au povu la sabuni linaloshuka taratibu kwenye mchanga. Maji hayo yanatoka mahali, na mara nyingi ni bomba la majitaka lililopasuka au lililounganishwa kusikostahili. Mstari mmoja kama huo kwenye daftari umewahi kutufaa kuliko rundo la majibu ya maabara.

Kuchota kwenyewe si kugumu, ila kunataka utulivu. Ingia mpaka maji yafike mapajani, ungoje tope ulilotibua litulie. Simama ukielekea mkondo unakotoka. Fungua kifuniko bila kukigusa kwa ndani, na chupa usiisuuze, imeshatakaswa. Izamishe mdomo ukiwa chini, kama sentimita 30 hivi, kisha igeuze kuelekea mkondo na kuisukuma mbele, mbali na mwili wako. Bakisha nafasi kidogo juu ili maabara waweze kuitikisa. Mara moja kwenye barafu, gizani, na ifike maabara ndani ya saa sita. Mara kwa mara chukua chupa mbili mahali pamoja, uone kama majibu yanakaribiana.

Jambo linaloniudhi ni wanaojitolea wanaotokea siku bahari ikichafuka tu. Wakifanya hivyo, takwimu zao zitaonyesha ufukwe mchafu mwaka mzima. Tena macho hudanganya: maji ya kahawia yanaweza kuwa udongo mtupu, na maji maangavu yakawa yamebeba kinyesi. Siku zisizo na lolote la kusimulia ndizo zinazokuonyesha hali ya kawaida ikoje.

Taka nazo zihesabiwe kwa nidhamu hiyo hiyo, kwenye kipande kile kile cha ufukwe. Mita 100 ndicho kipimo kinachotumika sana. Kuokota bila kuhesabu ni usafi, na usafi ni mzuri, lakini si upimaji.

Sasa, majibu. Bakteria wanahitaji takriban saa 24 kuoteshwa maabara, kwa hiyo jibu la leo linazungumzia maji ya jana. Usimwambie mtu "leo pako salama" kwa karatasi hiyo. Baada ya mvua kubwa usingoje maabara kabisa; waambie watu wasiogelee kwa siku mbili tatu, hasa karibu na mifereji na midomo ya mito. Namba ikiruka ghafla, rudia sampuli upesi, na siku hiyo hiyo fuata mfereji kuelekea juu uone unatoka wapi.

Usikimbilie kuitangaza mitandaoni kabla ya hapo. Ipeleke kwa wenye mamlaka ya kuweka kibao cha onyo, ukiambatanisha kurasa za daftari. Kuna ofisi ilizikataa namba zetu ikisema sisi si wataalamu. Walipoona saa, hali ya maji, mvua na sampuli za marudio, wakatuma fundi akakague bomba.