Ami, Kiwanja Chetu Kimepigwa Bikoni

Barua za mwezi huu karibu zote ni za viwanja na miti, sijui ni hili joto au nini. Nimechukua tatu.

SWALI: Shikamoo Ami. Huku kwetu Kisauni tuna kiwanja kimoja tu. Jioni watoto wacheza boli hapo, kukiwa na harusi turubai hufungwa hapo, na mtu akifa matanga ni hapo hapo. Wiki iliyopita wamekuja watu na gari, wakapima, wakachimbia bikoni nne, zile alama za mpaka, wakaenda zao. Mzee wa mtaa atwambia ati ni ploti ya mtu, hati anayo, kwa hivyo tunyamaze. Kweli hatuna chetu? — Mama Watatu

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza kabisa, hizo bikoni zisiguswe. Najua vijana mikono yawawasha lakini ukiing'oa tu wewe ndio washtakiwa, na yule aliyepima akaa kando akutazama. Zipigeni picha, na mkiweza kupata namba ya ploti basi mmefika mbali.

Sasa hili neno hati. Sisi watu wa Mombasa tumezoea kutishwa nalo, mtu akipeperusha karatasi mtaa mzima wanywea. Nikupe kisa, na hiki si cha barazani maana kilifika mpaka Mahakama ya Juu. Kule Nyali karibu na bahari kulikuwa na kipande kilichokuwa kimetengwa kiwe wazi kwa umma, halafu mwaka 1989 akapewa mtu binafsi, kikauzwa, mwisho kampuni moja ikakinunua ikawa na ukuta wake pale. Mwaka 2017 kaunti ikaingia ikaubomoa, ikisema watu wanataka njia ya kufika baharini. Kampuni ikakimbilia kortini, sisi tumenunua kihalali, hati hii hapa. Ikashindwa. Ikakata rufaa ikashindwa tena, na Aprili 2023 Mahakama ya Juu ikafunga mjadala: ardhi ikishatengwa kwa umma haikuwa ya kupewa mtu, na hati iliyozaliwa na mgao mbovu hailindwi hata kama huyu mnunuzi wa mwisho hakuwa na habari. Katiba yenyewe kwenye kifungu cha 40(6) yasema hivyo, mali iliyopatikana kinyume cha sheria haina ulinzi.

Kwa hivyo msimuulize kama ana hati, ulizeni hati imetoka wapi. Mtu mmoja aende ofisi ya ardhi afanye sachi, yaani aangalie rejista imeandika nini, mwengine aende kwa watu wa mipango wa kaunti aombe ramani ya eneo lenu muone hapo paliandikwa nini zamani. Ombeni kwa barua, muigonge muhuri nakala yenu, kwa sababu sheria ya kupata habari ya mwaka 2016 inawapa siku 21 wawajibu na mtu wa mdomo hana siku 21, ana "njoo kesho". Mkifika kortini msiambiwe ati nyinyi si wenye ardhi hayawahusu, kifungu cha 70 cha Katiba kinamruhusu mtu yeyote kudai haki ya mazingira bila kuonyesha kwamba yeye amepata hasara.

Lakini nisikudanganye. Ramani ikionyesha hapo hapakuwa pa umma hata siku moja, ni shamba la mtu lililolala tu miaka yote nanyi mkajichezea, basi kesi hamna. Hapo ni kumbana MCA wenu, yule mwakilishi wa wadi, kaunti ikinunue kiwanja kutoka kwa mwenyewe, na mkienda msiende na wimbo wa watoto watacheza wapi peke yake, ameshausikia huo. Mwambieni habari ya maji. Mvua ya masika ikipiga mwezi wa tano, tembea na mwavuli wako uangalie maji ya paa zote hizo na vichochoro vyote hivyo yakimbilia wapi. Yaenda kiwanjani, mchanga wayanywa, na chini huko ndiko visima vyenu vinakopata. Jenga hapo ghorofa na kabro, yale matofali ya kutandika chini, mpaka ukutani, maji yale yale yatakuja kubisha hodi sebuleni kwako. Hiyo MCA ataielewa, kwa sababu picha za mafuriko huzunguka simu zote wakati wa kura.

SWALI: Ami mambo. Sisi kikundi cha vijana hapa Tudor tulipewa miche tukapanda kwenye ka-open space ketu, tukachanga tukapiga na kabro pakawa safi. Miche yote imekauka ndani ya miezi sita. Tununue aina gani ya mti isiyokufa? — Captain

JIBU: Poa Captain. Hongereni kwa kuchanga, ila mti hauna makosa. Kabro mmelaza juu ya maramu iliyoshindiliwa na vumbi la kokoto, huko chini pamekuwa pagumu kama sahani, mzizi haupiti, maji hayashuki, na jua la saa saba likipiga hayo matofali yanarudisha moto kwa mche kutoka chini. Ni kuuchoma pande mbili.

Mi nilipita mahali pamoja hapa mjini palipopambwa juzijuzi, saa nane mchana. Mabenchi ya chuma yalikuwa kumi na moja, nimeyahesabu, na hakuna mtu hata mmoja. Ng'ambo ya barabara kuna mkungu mmoja mzee, chini yake mama wa viazi karai, tuktuk tatu, mafundi wa baiskeli, watoto wa shule, na mzee amelala kwenye gunia. Bustani ya pale ilikuwa ule mkungu, yale mengine ni mapambo ya kukata utepe.

Ng'oeni kabro kuzunguka kila shimo, mita moja kila upande msione uchoyo, mtie udongo na samadi, na mpande mwanzo wa masika mvua iwasaidie kumwagilia. Halafu acheni kufagia majani kila asubuhi! Nendeni Bamburi mkaone Haller Park. Pale palikuwa shimo la kuchimbia mawe ya simiti, jiwe tupu, maji ya chumvichumvi. René Haller alianza kupanda mwaka 1971, alijaribu miti ya aina 26 na iliyokubali ni mitatu, mvinje mmojawapo. Hata huo mvinje majani yake yalianguka yakakaa tu, hayaozi, mpaka alipoona jongoo wenye miguu myekundu wanayatafuna, akawakusanya akawatia humo kwa mamia. Kinyesi cha jongoo ndicho kilichotengeneza udongo. Nyinyi jongoo mukimuona mwamwagia mafuta ya taa.

Aina ya mti: mwarobaini kwa kivuli cha haraka, mkungu, mkwaju kama mna subira. Mbuyu msipande karibu na ukuta wa mtu. Kuna mtaalamu wa miti ya mijini, Cecil Konijnendijk, mwaka 2021 alitoa kipimo chake: kutoka nyumbani uone miti mitatu, mtaa wako uwe na kivuli cha miti asilimia 30, na bustani isizidi mita 300 kutoka mlangoni. Simama mlangoni kwako Captain uhesabu, mi kwangu napata mmoja na ni wa jirani.

SWALI: Ami, kunguru wanadondosha mifupa ndani ya tangi letu la juu, kila siku. Mama mkwe asema tumetegwa na jirani. — Bi Harusi, Majengo

JIBU: Mwanangu, kunguru hawa wana asili ya India, Unguja walifika miaka ya 1890 na hapa kwetu miaka ya 1940. Wanakula mayai na makinda ya ndege wengine ndio maana mjini huwasikii tena wale wa kuimba. Mwaka 2024 serikali ilitangaza mpango wa kuwapunguza milioni moja, lakini jaa likiwa wazi pale kona wataangua wengine. Mfupa mkavu hulowekwa majini ulainike, ni akili yake tu. Funikeni tangi, na huyo jirani mpelekeeni mahamri.