Homa ya mtoto ikipita, sukari ikabaki: maswali yenu na majibu

Salaam aleikum sista. Mwanangu wa miaka 7 alishikwa na homa na mafua akapona, sasa wiki ya tatu yuwanywa jagi zima la maji usiku, yuwakojoa kitandani na ashaacha zamani, tena chooni sisimizi wamejaa. Ni minyoo? (Mama, Kisauni)

Waaleikum salaam mama. Usimalize kusoma, mpeleke zahanati ya karibu wamdunge kidole wapime sukari, leo hii, awe amekula au hajala. Kipimo kikisoma 11.1 (mmol/L) kwenda juu na dalili hizo basi ndo ugonjwa wa sukari, na sukari ya mtoto haingoji Jumatatu. Hao sisimizi wafuata glukosi inayotoka kwenye mkojo. Akianza kutapika, kuhema kwa nguvu na pumzi kunuka kama tunda lililoiva kupita kiasi, hapo ni hospitali kubwa mbio. Nimeona watoto wametibiwa malaria siku tatu nzima na hakuna aliyewadunga kidole, na inaniuma sana kwa sababu kipimo chenyewe ni cha dakika moja.

Nasikia mafua yaweza kuharibu kongosho na kuleta sukari. Sasa mafua na kongosho wapi na wapi? (Kijana, Likoni)

Swali zuri sana kaka. Kongosho ni kiungo kilicho nyuma ya tumbo la chakula. Ndani yake mna vishungu vidogo vya seli, na humo seli za beta ndo zinazotengeneza insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu, na kuiachilia sukari ikipanda. Kuna virusi vinaitwa koksaki B, vinaingia kwa mdomo na mikono michafu, mara nyingi vinaleta homa tu na kuisha, lakini seli ya beta ina mahali virusi hivi vinaponasa na kuingia. Vikishaingia seli inafanyishwa kazi ya kuzalisha virusi, insulini haitoki vizuri, halafu kinga ya mwili inakuja kuua seli iliyoambukizwa, na kwa mtoto aliyezaliwa na maumbile ya hatari kinga hiyo huenda isiache, ikaendelea kula hata seli zisizoambukizwa. Mwaka 1979 watafiti Marekani walieleza walivyotoa koksaki B4 kwenye kongosho la mvulana wa miaka 10 aliyefariki kwa sukari, wakawadunga panya, na panya nao wakapata sukari.

Ila uharibifu huu huchukua miezi, hata miaka. Homa ya juzi mara nyingi imefichua tu: mwili ukiumwa unataka insulini zaidi, na kongosho halina tena.

Shemeji hataki wanawe wacheze na wangu mwenye sukari. (Mama, Majengo)

Sukari haiambukizi, hata kidogo. Wacheze, wale sahani moja. Mafua ndo yanayoambukiza, kwa hivo wote wanawe mikono.

Chanjo inasaidia? (Baba, Bamburi)

Kwa rubela, ndio. Mama akiugua ugonjwa wa rubela akiwa mjamzito, mtoto anaweza kuja kupata sukari ukubwani, na Kenya tangu 2016 chanjo ya surua ina rubela ndani, miezi 9 na miezi 18. Usikose hiyo ya pili, wengi wanaisahau.

Binti yangu ameanza insulini mwezi jana, sasa sukari iko sawa kabisa kwa dozi ndogo. Amepona, niache? (Mama, Mtongwe)

Hapana mama, tafadhali. Seli chache zilizobaki zimepumzika zikapata nguvu kidogo, hali hii ni ya wiki au miezi kisha inaisha. Dozi ipunguzwe na daktari wake, lakini sindano isikatwe hata siku moja.