Maswali ya wasomaji: Memba wamejaa, mbona jukwaa kimya?

Wiki hii safu yote nimewapa wanaoendesha majukwaa ya majadiliano mtandaoni, maana barua zao zimekuwa nyingi na karibu zote zinalalamikia jambo moja, kwamba watu wapo ila hawaongei. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu ndo mzizi wa zingine, na mwenzangu kama una jukwaa lako hata kama barua sio yako isome tu.

Shikamoo dada. Naendesha jukwaa la mafundi cherehani na wanaojifunza kushona, tuna memba zaidi ya elfu tatu, lakini wanaoandika ni walewale sita saba, wengine wanasoma tu wanaondoka. Nimeweka matangazo, nimebadilisha logo, nimewaambia "jamani changieni" mpaka nimechoka. Kila wiki wanajiunga wapya halafu siwaoni tena. Nakosea wapi? (Fundi mwenye jukwaa)

Marahaba mdogo wangu. Kwanza punguza presha kuhusu hao wanaosoma tu. Mwaka 2006 Jakob Nielsen, mtaalamu wa mambo ya tovuti, aliandika kwamba kwenye jamii nyingi za mtandaoni watu kama 90 katika 100 wanasoma bila kuandika, 9 wanachangia mara mojamoja, na 1 ndo anabeba sehemu kubwa ya kazi. Ni makadirio tu yale, sio sheria, kuna sehemu hali ni nzuri zaidi na kuna sehemu ni mbaya zaidi, ila yanakupa picha: kwa memba elfu tatu ungetegemea kama thelathini hivi wanaoandika sana, wewe unao saba, kwa hiyo pengo lipo lakini haujafa. Na msomaji kimya sio hasara, leo anasoma jinsi ya kukata kola, miezi miwili baadae ndo anapata ujasiri wa kuuliza.

Kilichonishtua mimi ni hiyo sentensi yako ya mwisho, kwamba wapya wanajiunga halafu huwaoni tena. Hapo ndo penye ugonjwa, na logo haiutibu. Kuna utafiti wa mwaka 2006 wa Elisabeth Joyce na Robert Kraut, walifuatilia watu wapya kwenye makundi sita ya Usenet, ile mitandao ya majadiliano ya zamani, wakakuta kwamba mtu mpya aliyejibiwa posti yake ya kwanza alikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuandika tena kuliko aliyeachwa bila jibu. Na hawakuona kwamba utamu wa jibu, au kama lilitatua shida yake au la, ulibadilisha kitu. Kilichomrudisha ni kujibiwa kwenyewe. Mtu akiongea akakuta kimya anajiona kaingia nyumba ambayo hakualikwa, anatoka polepole na harudi, wala hatakuambia kwamba ametoka, atabaki kwenye ile elfu tatu yako unayoihesabu.

Sasa nenda kafanye kitu kimoja leo hii kabla ya kingine chochote. Fungua posti za kwanza za memba wapya wa mwezi uliopita, moja moja, angalia ngapi zina jibu, na jibu lilikuja baada ya saa ngapi. Usiangalie laiki, angalia jibu. Nina wasiwasi utaumia kidogo, lakini bora ujue.

Halafu angalia yale majibu yenyewe. Mimi binafsi siamini kwamba jibu lolote linatosha, hata kama ule utafiti unasema tofauti haikuonekana, kwa sababu mtu mpya haji peke yake, nyuma yake kuna wengi wanaosoma wakijiuliza je nami nikiuliza nitajibiwa hivyo? Chukua mfano, mtu kaingia leo kaandika: "Jamani cherehani yangu inaruka mshono nifanyeje." Mmoja wa wale saba wako anamjibu: "Lishajibiwa hilo, tafuta huko juu." Kweli lilishajibiwa, ila umeshampoteza, na umewapoteza na waliokuwa wanachungulia. Mwingine anaandika hivi: "Karibu. Mara nyingi ni sindano, ama imechoka ama umeiweka kinyume. Weka mpya, angalia ule upande bapa umekaa inavyotakiwa kwa mashine yako, pitisha uzi upya kuanzia mwanzo, kisha jaribu kwenye kitambaa chakavu. Unashona kitambaa gani? Kama kinavutika utahitaji sindano ya ncha ya mviringo." Hilo swali la katikati, unashona kitambaa gani, ndo linalofanya kazi kubwa kuliko maelezo yote, kwa sababu sasa mtu ana sababu ya kurudi kuandika tena, na akirudi mara ya pili ya tatu keshazoea. Kama kuna mjadala wa zamani jukwaani wenye maelezo mazuri mpe linki baada ya kumjibu, sio badala ya kumjibu.

Kwa hiyo kaa na hao saba wako, kwa siri, nje ya jukwaa, waombe mgawane siku. Kila siku mmoja ana zamu, na kazi ya zamu ni moja tu, posti ya mtu mpya isilale bila jibu. Asipojua jibu aseme sijui lakini ngoja namuita fulani yeye anashonaga sana mashuka, anamtaja kwa jina, yule naye anapata notifikesheni anajisikia kuhitajika, anakuja. Hapo umepata wachangiaji wawili kwa posti moja. Watu wengi walio kimya wanasubiri kuitwa kwa jina, wakiitwa kwa jumla kila mtu anadhani anaambiwa mwenzake, ndo maana "jamani changieni" haijawahi kufanya kazi.

Na maswali unayoanzisha wewe mwenyewe yawe madogo. Ukiuliza "nini maoni yenu kuhusu ushonaji wa kisasa" nani ataanza kuandika insha kwenye simu akiwa kazini? Uliza "weka picha ya mshono uliokusumbua wiki hii", mtu anapiga picha anaweka, kamaliza, na chini yake tayari kuna mafundi wanabishana ni tension ya uzi au ni bobini. Siku utakapoona mtu aliyekuja kuuliza ile ya sindano anamjibu mgeni mwingine, msimamishe, mshukuru mbele ya watu wote, na ikiwezekana mwezi unaofuata muweke kwenye zamu. Andika nione maendeleo, nitafurahi kweli.

Habari za kazi. Mimi nimefungua jukwaa langu mwezi uliopita, nimetengeneza vyumba kumi na nane ili kila mada iwe na mahali pake, lakini ni tupu kabisa. Rafiki yangu kaniambia nitengeneze akaunti nyingi nijiulize na kujijibu mwenyewe ili ionekane kuna watu. Nifanye? (Mwanzilishi mpya)

Nzuri ndugu yangu. Rafiki yako hajatunga, hata Reddit, lile jukwaa kubwa la majadiliano, ilipoanza mwaka 2005 waanzilishi wake walijaza ukurasa kwa akaunti za majina ya uongo na baadae walisema wazi wenyewe. Ila mimi nakwambia usifanye. Wao walikuwa wanaweka linki za habari, wewe unataka watu waaminiane na waelezane shida zao, siku mmoja akigundua kwamba wale watu watano waliomfariji wote ni wewe, hutamrudisha, na atawaambia wengine. Na tena unajichosha bure, muda wa kuigiza watu watano ungeweza kuwaita watu watano wa kweli.

Lakini wazo lililo chini yake ni sahihi, hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kuongea kwenye chumba kitupu. Watu wa Stack Overflow, jukwaa la maswali na majibu ya waandika programu, mwaka 2008 hawakufungulia dunia nzima siku ya kwanza, waanzilishi wake Jeff Atwood na Joel Spolsky walikuwa na wasomaji wa blogu zao, wakaanza kwa kuwaingiza baadhi kwa majaribio, mpaka inafunguliwa kwa umma kulikuwa tayari na maswali na majibu ya kweli ya watu wa kweli. Na wewe fanya hivyohivyo kwa udogo wako. Tafuta watu kumi au kumi na tano unaowajua wanaopenda hiyo mada, uwaandikie mmoja mmoja, usitume ujumbe wa kunakili, na umuombe kila mmoja alete swali moja ambalo kweli linamsumbua. Akileta, mjibuni. Ukishaona siku zinapita na mazungumzo yanakwenda bila wewe kusukuma ndo uanze kualika wa nje.

Na hivyo vyumba kumi na nane, funga kumi na sita leo. Watu ishirini waliogawanyika kwenye vyumba kumi na nane hawaonani, kila anayeingia anakuta vumbi. Bakiza kimoja cha mada yenu na kimoja cha maongezi ya kawaida, na usiongeze kipya mpaka watu waanze kulalamika kwamba mada fulani inawajazia ukurasa, malalamiko hayo ni habari njema.

Dada nisaidie. Kwenye jukwaa letu kuna mzee mmoja anajua mambo kuliko sisi wote, majibu yake ni dhahabu, lakini ana mdomo, anawaita watu wajinga, wapya wanakimbia. Wenzangu maadimini wamegawanyika, wengine wanasema tumfungie kabisa, wengine wanasema bila yeye jukwaa limekufa. (Adimini niliye katikati)

Pole, hii ni ngumu na naona jinsi inavyokuuma kwa sababu unamheshimu. Ila niseme moja kwa moja, mtu mmoja anayewafukuza wapya wote anakugharimu kuliko anachokuletea, maana majibu yake mazuri yanasomwa na watu wanaozidi kupungua.

Kumfungia ghafla nako sio. Elinor Ostrom, aliyepata Nobel ya uchumi mwaka 2009, alitumia miaka mingi kuchunguza jinsi watu wanavyotunza pamoja mali ya wote, misitu, mifereji ya maji, sehemu za uvuvi, na moja ya mambo aliyoyakuta kwenye jamii zilizodumu ni kwamba adhabu zinaanza ndogo na kupanda taratibu kufuatana na kosa, na wanaosimamia wanawajibika kwa wanajamii wenyewe. Jukwaa lenu ni mali ya namna hiyohiyo. Kwa hiyo hatua ya kwanza mfuateni kwa ujumbe wa faragha, mmoja tu anayemheshimu sana, sio maadimini watano kwa mpigo, mwambie "mzee wetu, maarifa yako tunayahitaji, ila jana kijana fulani uliyemuita mjinga hajarudi, tunaomba unaposahihisha usimguse mtu, gusa kazi yake." Mnukulie maneno yake mwenyewe, usimwambie tu "una lugha mbaya" maana hapo atabisha. Akirudia, futeni lile neno la matusi mbele ya watu na muache jibu lenyewe libaki. Akirudia tena, asimamishwe wiki moja. Baada ya hapo kama bado, basi aende, na msijisikie vibaya.

Na kanuni zenu ziandikwe, chache, mtu azimalize kusoma akiwa amesimama. Kuna jamii ya mtandaoni ya zamani inaitwa The WELL, ilianza Marekani mwaka 1985, kila chumba cha mazungumzo kilikuwa na mwenyeji wake wa kupokea watu na kuongoza maongezi, na watu walitakiwa wajulikane kwa majina yao halisi na kila mtu abebe dhamana ya maneno yake. Neno mwenyeji mimi nalipenda kuliko adimini. Mnaweza hata kumuomba huyo mzee awe mwenyeji wa chumba kimoja cha maswali magumu ambako wanaoingia ni wazoefu, nimeona watu wakali wanalainika wakipewa jukumu, ingawa sio wote.

Mambo vipi. Swali fupi, nataka kutoa zawadi ya vocha kwa atakayealika watu wengi zaidi kwenye jukwaa letu, na pia kuna wanaosema tuhamie WhatsApp tu. Unaonaje? (Mwenye haraka)

Poa. Zawadi ya kualika usitoe. Utapata majina ya watu ambao hawajui hata mada yenu ni nini, mashindano yakiisha wanaondoka, na wale waliokuja kwa mapenzi wanabaki kwenye kelele. Hata watu halisi wakija wengi kwa mpigo ni shida, Usenet ilionja hiyo. Zamani kila Septemba wanafunzi wapya wa vyuo walikuwa wanaingia hawajui taratibu, baada ya wiki chache wanafundishika, kisha kuanzia 1993 kampuni za intaneti zikafungulia umma, mgeni juu ya mgeni bila kukoma, wenyeji wakazidiwa, mpaka leo kile kipindi kinaitwa Septemba isiyoisha. Ukuaji mzuri ni ule ambao wenyeji wako wanaweza kuupokea. Hiyo hela ya vocha kama ipo mpe aliyejibu wapya wengi mwezi huu, au wanunulie maadimini bando.

Kuhusu WhatsApp, inategemea mnataka nini. Kwa kusalimiana na kuitana haraka ni nzuri sana, lakini grupu moja linabeba watu 1,024 mwisho, na kibaya zaidi jibu zuri la jana leo limeshazikwa chini ya ujumbe mia tatu, wiki ijayo mwingine anauliza lilelile na wajuzi wanachoka kurudia. Jukwaa linatunza, mtu anatafuta swali kwenye intaneti usiku wa manane anakuta jibu la miaka mitatu nyuma, anasoma, anajiunga, na huyo amekuja mwenyewe bila vocha. Ningekuwa wewe ningeacha grupu dogo la maadimini na wa zamu tu, na kila swali zuri linalotokea huko lihamishiwe jukwaani siku hiyohiyo na jibu lake, kwa ruhusa ya aliyeuliza.